Folda Iliyozindikwa

Gaudiosa hakuwa mtu wa kuogopa vitu. Hivyo ndivyo alivyojiona, na hivyo ndivyo alivyopenda watu wa mtaa wake wa Mazwi wamwone: mwanamke aliyesomea kompyuta Mbeya, akarudi Sumbawanga na begi la bisibisi mgongoni, akawa anazunguka na baiskeli kutoka ofisi hadi ofisi akifufua mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Ukimpa habari za radi ya kutumwa, anacheka. Ukimwambia kuna nyumba fulani haipitiwi jioni, anapita hapohapo, tena anapiga na kengele. Mumewe Yusto, mchuuzi wa dagaa na migebuka, alizoea kumtania kwamba ameoa mwanamke asiye na breki.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyezindika kompyuta.

Mambo yalianzia kwenye redio ya jamii, ambako alikuwa fundi wao wa kuitwa. Redio yenyewe ni vyumba viwili na mnara, lakini usiidharau. Sauti yake hupokelewa na mtambo ulioko ukingoni mwa uwanda, pale barabara inapoanza kuteremka, na kutoka hapo inashuka hadi Wampembe na vijiji vingine vya ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Kila siku alasiri husoma taarifa ya upepo. Manahodha wa kule wana utaratibu wao: boti inapakiwa, abiria wanakaa, lakini injini haivutwi kamba mpaka redio iseme. Redio ikisema kuna upepo, watu wanashuka. Isiposema kitu, wanangoja kidogo kisha wanaondoka, maana wamezoea kwamba panapo hatari redio hainyamazi.

Tangu radi ya masika iunguze mashine ya kuchanganyia sauti, kila kitu pale studio kilipitia kwenye kompyuta moja: muziki, matangazo, hata maikrofoni. Na watangazaji wale, Mungu awabariki, walikuwa na mikono isiyotulia. Mmoja alitaka kubadilisha picha ya skrini akageuza lugha yote kuwa Kichina, na kwa kuwa hakuna aliyejua Kichina, hakuna aliyeweza kuirudisha. Adolfu, mpiga muziki wa studio, alisogeza saa mbele ili amalize zamu mapema. Kesho yake rozari ya alfajiri ikaruka hewani usiku wa manane, majogoo wenyewe wakiwa bado wamelala. Mwingine alihamisha njia ya sauti ili asikie wimbo vizuri kwenye spika za skrini. Redio nzima ikanyamaza, naye hana habari, kwa sababu mle chumbani alikuwa anausikia na kuucheza.

Sehemu ya lawama ilikuwa ya kompyuta yenyewe. Setingi zake zimepangwa kwa akili ya watu ambao hawajawahi kukaa na Adolfu. Saa iko huku, sauti iko kule, intaneti imegawanywa katika sehemu tatu zenye majina yanayofanana, na mambo mazito yamefichwa ndani ya kitu kinaitwa Zana za Utawala, ambacho mtangazaji mmoja alidhani kinahusu ofisi ya kata. Gaudiosa akakata shauri kuzipanga upya. Alitengeneza folda kwenye uso wa kompyuta, akazijaza njia za mkato, akazipa majina ya kibinadamu. Mwanzoni alitaka kupanga kila kitu na ndugu yake, ya sauti na ya sauti, ya skrini na ya skrini. Akaona haitawasaidia. Mtu haji kwenye setingi kutafuta ukoo, anakuja na shida yake. Basi akaandika "Intaneti Imekataa", "Nataka Kuchapa", "Sauti Ndogo Sana", "Skrini Inaumiza Macho". Watangazaji wakafurahi kama wamepewa kompyuta mpya.

Vikabaki vile ambavyo hakutaka viguswe na mtu: saa, lugha, kufuta programu, na njia ya sauti. Hiyo ya mwisho ilimsumbua. Kwa haki ilipaswa kukaa pamoja na mambo ya sauti. Lakini ndiyo hiyo iliyokuwa ikiinyamazisha redio. Aliigeuzageuza kichwani, kisha akaitupa kulekule kwenye zile za hatari. Kuweka nywila hakukuwa na maana, maana kila nywila aliyowahi kuweka pale ilibandikwa ukutani kabla hajafika nyumbani. Folda ile akaipa jina "Usiguse". Kesho yake ilikuwa imeshaguswa.

Ndipo akakumbuka shamba la ulezi la marehemu baba yake kule kijijini Kate. Mpakani, upande wa njia, baba alisimika kijiti kilichofungwa kitambaa cheusi. Kama kilikuwa na dawa au hakikuwa nayo, mzee hakusema, na hakuna aliyemuuliza. Mwizi hakukanyaga pale, wala watoto wake mwenyewe hawakukanyaga. Gaudiosa akacheka peke yake, akafuta "Usiguse", akaandika "Pamezindikwa". Akatafuta picha ndogo ya kijiti, akaipaka kitambaa cheusi. Halafu, kwa utani uliozidi kipimo, akachana kipande cha mwavuli mbovu uliokuwa nyuma ya mlango, akakifunga kwenye kona ya skrini.

Ikawa kimya. Hakuna mkono uliokwenda kule tena, isipokuwa wa Adolfu, ambaye kwa ubishi wake alifungua folda ile mbele ya wenzake, akaifunga, akacheka. Baada ya siku chache alianguka na pikipiki akavunjika mguu. Watu wa studio wakamjia Gaudiosa kwa sauti za chini. "Dada, kwani ni kweli?"

Hapo ndipo alipopaswa kufungua mdomo. Angesema tu kwamba pikipiki ya Adolfu haikuwa na breki tangu siku iliyonunuliwa. Badala yake alitabasamu, akaendelea kukaza skrubu. Folda sasa ilijilinda yenyewe, na yeye alipumzika kuitwa kila asubuhi.

Mwezi wa sita, uwanda unapokuwa na baridi na vumbi, Gaudiosa alikwenda Kate kumsaidia mama yake, Hellena, kupura ulezi. Yusto alikuwa ameteremka Wampembe. Siku ile, Jumamosi, alitarajia kupanda boti ya alasiri kupeleka mzigo Kirando. Mama alikuwa ameweka redio yake ndogo ya betri juu ya gunia, muziki unapigwa, mikongoto ya kupuria inapanda na kushuka. Upepo ulikuwa wa ajabu tangu asubuhi. Makapi hayakuanguka chini, yalikwenda moja kwa moja hadi kwa jirani, na jirani alishalalamika.

Muziki ukakatika. Redio ikabaki inakwaruza.

"Umeme huo," mama alisema, na akaendelea kupiga.

Gaudiosa naye aliendelea. Umeme ukikatika, mlinzi atawasha jenereta, na redio itarudi. Na kweli, baada ya muda kule kukwaruza kukakoma. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini muziki haukuja. Haikuja sauti ya mtu. Ilikuwa kimya safi, kimya laini, na Gaudiosa akasimamisha mkongoto hewani, kwa sababu yeye alijua tofauti ambayo mama hakuijua. Redio ikikwaruza, mtambo umezimika. Redio ikiwa kimya namna ile, mtambo umewaka, unarusha, ila hakuna kinachoingia ndani yake. Kompyuta imejiwasha upya na imechagua spika za skrini.

Akaangalia jua. Ulikuwa wakati wa taarifa ya upepo.

Alitupa mkongoto akakimbilia nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu ambako mtandao wa simu hupatikana. Alimpigia Yusto kwanza. Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Akapiga tena, akaambiwa yaleyale kwa sauti ileile ya upole. Juu ya kichuguu upepo ulimsukuma kama mtu mwenye haraka, na akawaza: kama huku juu uko hivi, kule chini ziwani ukoje? Akapiga studio.

Alipokea Mama Zita, mtangazaji wa kipindi cha akina mama, mwanamke wa makamo mwenye heshima zake, aliyefundisha katekisimu miaka mingi kabla ya kuingia redioni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Habari za Kate?"

"Mama, hamsikiki."

"Hatusikiki vipi? Muziki unalia hapa mpaka dirisha linatetemeka. Umeme ulikata, mzee Oswaldi kawasha jenereta, kompyuta ikajiwasha. Taarifa ya upepo nimeshaisoma. Tena leo ni mbaya, mwanangu. Wamesema vyombo vyote visitoke."

"Umeisoma?"

"Nimeisoma yote."

Gaudiosa akashika kichwa. Mama wa watu alikuwa amesoma onyo lile kwa kuta nne na kiti. Kule ufukweni manahodha walikuwa wamesikia kimya, na kimya kwao maana yake ni ruhusa.

"Mama, hiyo sauti inaishia humo humo chumbani. Haitoki. Naomba ufanye kitu kimoja tu, ni kidogo sana. Kwenye skrini kuna folda yenye kijiti. Ifungue."

Muziki wa studio ulisikika kwa mbali kwenye simu, wimbo wa furaha.

"Ipi hiyo?"

"Ile ya Pamezindikwa."

"Hapana, mwanangu."

"Mama, ni picha tu. Nilichora mwenyewe."

"Ndiyo, uliweka wewe. Ndiyo maana nakwambia hapana. Adolfu yuko wapi leo?"

"Pikipiki yake haikuwa na breki!"

"Mbona siku ile tulipokuuliza hukusema hivyo?" Mama Zita hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililouma. "Ulitabasamu. Nilikuona kwa macho yangu."

Gaudiosa akasema basi amwite mzee Oswaldi, amwelekeze yeye. Mama Zita akajibu kwamba mlinzi alikuwa pale mlangoni, aliposikia folda gani inayozungumzwa akakumbuka ghafla kwamba jenereta inahitaji kuangaliwa. Siku nyingine Gaudiosa angecheka. Sasa alihisi machozi yanampanda. Alikuwa ameitengeneza kufuli nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza, na ufunguo wake haukuwapo kwa mtu yeyote.

"Mama Zita, Yusto wangu yuko Wampembe. Anapanda boti ya leo."

"Na mimi nina wajukuu wanaolala nyumbani kwangu, Gaudiosa." Akavuta pumzi. "Kitu kikizindikwa, aliyeweka ndiye anayetoa. Unalijua hilo, wewe ni mtoto wa huku. Basi toa."

"Natoaje? Hakuna kitu!"

"Weka mkono wako wa kulia kwenye udongo. Useme, mimi niliyeweka natoa, na kama kuna kitu kilichobaki humo ndani, kisimguse mtu wa watu. Kimguse wa nyumbani kwangu. Na huyo wa nyumbani umtaje jina."

Gaudiosa alipiga goti juu ya kichuguu. Mkono aliuweka bila shida, udongo ulikuwa wa baridi. Akafungua mdomo, na mdomo ukagoma.

Alijua hakuna kitu. Alijua kama anavyojua jina lake. Folda ni folda, kitambaa ni cha mwavuli, kijiti amekichora mwenyewe akinywa chai. Maneno ni upepo tu. Na bado alimwona Yusto akikunja suruali, akiingia majini hadi magotini, akimrushia nahodha mfuko wake, na ulimi wake ukawa mzito. Mtu wa nyumbani kwake alikuwa mmoja. Hawakuwa wamejaliwa mtoto bado. Ataje jina lile leo, katika upepo huu, aliunganishe na kitu kibaya kwa hiari yake? Na kama? Hiyo "na kama" ilimtoka wapi hakujua, lakini ilikuwepo, imekaa kifuani kama mgeni aliyefika bila kubisha hodi. Aliogopa kusema na aliogopa kunyamaza, na wakati anaogopa redio iliendelea kuwa kimya.

Mama yake alikuwa amesimama pembeni ya nyumba, ungo mkononi, anamtazama bila kuuliza.

"Mwanangu," Mama Zita alisema, "nikate simu?"

"Mimi niliyeweka natoa," Gaudiosa alisema haraka. Sauti haikuwa yake. "Na kama kuna kitu humo ndani, kisimguse mtu wa watu. Kimguse." Akafinya udongo kiganjani. "Kimguse Yusto."

Hellena akaweka mkono mdomoni.

"Haya," Mama Zita alisema, kama mtu aliyepewa chenji yake. "Nielekeze."

Akamwelekeza. Bonyeza kijiti mara mbili. Kuna maneno Njia ya Sauti, bonyeza hapo. Utaona mistari miwili, ule wa juu una alama, iondoe, weka wa chini. Kwenye simu alisikia pumzi za yule mama, nzito, na bofyo la kipanya, na bofyo jingine, na "Yesu na Maria" iliyosemwa polepole. Halafu upande wa pili wa nyumba, kutoka juu ya gunia, redio ya mama ikakohoa. Ikasafisha koo. "Wasikilizaji wetu wa ufukweni," ilisema kwa sauti ya Mama Zita, "kama mko majini rudini, kama mko nchi kavu msitoke."

Gaudiosa akakaa chini palepale akalia kwa sauti, kama mtoto.

Simu ya Yusto haikupatikana jioni ile. Haikupatikana usiku. Mama yake alipika uji akauacha karibu yake, na asubuhi akaukuta umeganda. Gaudiosa hakuweza kusali. Kila alipoanza, maneno yaliyomjia yalikuwa yale mengine, ya kwenye kichuguu, na jina likiwa mwishoni.

Yusto alipiga Jumapili watu wakitoka misa.

"Hujambo mke wangu? Simu ilikwisha chaji. Jana tumepona kidogo tu."

Alimsimulia akiwa hana haraka, huku yeye akikaza simu sikioni mpaka likauma. Walikuwa wameshakaa kwenye boti. Nahodha alisikiliza kimya, akasubiri, akasema leo hakuna neno, akashika kamba ya injini. Ndipo redio iliyokuwa mapajani mwa mama mmoja ikazungumza. Watu walishuka wakisukumana majini. Hawajafunga boti vizuri, ziwa likageuka.

"Ila wale wa boti ya mbele walikuwa wameshatoka," Yusto alisema. "Muda si mrefu kabla. Tuliwaita, tulipunga nguo, hawakuona. Wamewapata leo alfajiri wameshikilia boti iliyopinduka. Wote wazima, Mungu mkubwa, lakini kuna mzee hawezi hata kusema. Redio ingewahi kidogo tu, na wao wangeshuka. Sijui kulikuwa na nini huko kwenu."

Gaudiosa alijua kulikuwa na nini. Kulikuwa na yeye, juu ya kichuguu, mkono chini na mdomo umefungwa.

"Umeme," alisema.

Jumatatu aliingia studio kabla ya watu. Mama Zita alikuwa ameshafika, anafuta meza. Kitambaa cheusi kilikuwa bado kwenye kona ya skrini, hakuna aliyekigusa hata kwa ufagio. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani kwa urefu wake wote, kisha Gaudiosa akashindwa kujizuia.

"Mama, yale maneno uliyonisemesha. Ndivyo wanavyofanya kweli, wakitaka kutoa?"

"Sijui wanavyofanya. Mimi ni mtu wa kanisa." Mama Zita akakunja kitambaa chake cha kufutia. "Nilitaka kujua kitu kimoja tu. Mtu aliyeweka dawa ya kweli hawezi kumtaja mume wake. Hata umpige. Nikasema, akimtaja, basi humo ndani hamna kitu, nitafungua. Asipomtaja, nitakata simu, nitakimbia hata kiatu niache."

Gaudiosa akakitazama kile kitambaa cheusi.

"Ulichelewa, mwanangu," yule mama alisema kwa upole. "Ulichelewa sana. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe chekundu."

Gaudiosa alivuta kiti akakaa mbele ya kompyuta. Njia ya sauti aliihamisha, akaiweka katikati ya skrini peke yake, akaipa jina "Redio Ikinyamaza Fungua Hapa". Saa na lugha na vinginevyo akavigawa kila kimoja mahali pake, kwa majina yasiyotisha mtu. Kazi ilikwenda vizuri. Folda ya kijiti ikabaki tupu, na kilichobaki kilikuwa kuifuta. Aliichagua. Ikawa buluu. Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika.

Alhamisi Yusto alikuwa anateremka tena ziwani.

Gaudiosa aliukodolea macho ule ubao mdogo wa swali. Aliuondoa mkono juu ya kipanya, akaurudisha, akauondoa. Halafu akasukuma kiti nyuma, akasimama, akampisha mama wa watu.

"Mama," alisema, "naomba unifutie wewe."